Mkungu wa Ndizi Mkiani mwa Ndege

Marahaba, wanangu, marahaba. Hata wewe unayesoma haya ukiwa umelala na simu juu ya uso, shikamoo yako nimeisikia. Jina langu la ubatizo mnaweza kuliacha kanisani. Hapa Chonyonyo, Karagwe, ukimuulizia Mama Mizani, mtoto yeyote atakuleta mpaka mlangoni kwangu, na njiani atakusimulia mambo yangu ambayo hata mimi siyajui.

Nilifanya kazi moja tu maisha yangu yote ya kazi, nayo ni kupakia ndege ndogo. Kiwanja chetu kilikuwa cha nyasi, na ng'ombe walikipenda kuliko marubani walivyokipenda. Mimi ndiye niliyepima kila kilichopanda, kuanzia mtu hadi kuku, na kupanga kikae wapi. Mjukuu wa dada yangu, ambaye yuko chuo, aliniuliza likizo iliyopita, "Kwa hiyo bibi, ulikuwa kuli?" Nikamjibu ndiyo, kuli wa angani. Alicheka, kisha akauliza swali la maana: ndege yenye nguvu ya kuvuka ziwa lote lile inashindwaje na gunia moja la ziada? Jibu lake ni refu kidogo, na ndani yake yumo mtu anayeitwa Jasson, mfugaji wa kule Kyerwa, ambaye siku moja uhai wake ulitegemea yale ambayo tungekubali kuyaacha chini. Nitamfikia. Msinikimbize.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Byarugaba, Mluteri wa Muleba, mtu mfupi aliyeimba sauti ya nne ya kwaya hata akiwa anakaza kamba. Nilipofika kwake nilikuwa msichana mwenye nguvu na mdomo. Aliniuliza, "Ndege hujaa vipi?" Nikamwambia, hujaa ikijaa. Alicheka mpaka akakaa juu ya gunia. Akasema ndege ina matumbo mawili, moja la uzito na jingine la nafasi, na lolote litakalotangulia kujaa, umemaliza kazi, hata kama lile la pili bado linalia njaa.

Sikumwelewa mpaka ule msimu mvua zilipokata barabara na hospitali moja ikaletewa vitu kwa ndege. Safari ya kwanza yalikuja magodoro ya sponji. Ndege ilishonwa mpaka darini, hata kitabu cha nyimbo kisingepenya, na bado kwa uzito ilikuwa kana kwamba haijabeba kitu. Safari ya pili zikaja betri za umeme wa jua. Rundo dogo tu sakafuni, juu ya mbao tulizozitandika ili uzito usambae na sakafu isitoboke, halafu nafasi tupu mpaka mkiani. Watu waliosimama pembeni walikasirika. Bwana mmoja wa Ihanda aliyekuja kwa baiskeli kushangaa ndege alisema rubani ni mvivu, na akaomba katika nafasi ile aende akamchukulie mbuzi wake. Mzee Byarugaba alimjibu kwa upole, "Tumbo la uzito limeshiba, mwanangu. Mbuzi wako atalitapisha."

Basi kila mtu aliyenikuta kazini nilimfundisha hesabu ile ile. Unachukua uzito ambao ndege inaruhusiwa kuondoka nao. Unatoa ndege yenyewe. Unatoa rubani, pamoja na begi lake na chupa yake ya chai. Unatoa mafuta, kwa sababu mafuta nayo ni mzigo, tena mzigo mzito, na hili vijana wengi hawalifikirii. Kinachobaki ndicho chetu. Ukienda mbali unahitaji mafuta mengi, na chetu kinapungua. Ukienda karibu, chetu kinaongezeka.

Halafu kuna Karagwe yenyewe. Nchi yetu iko juu, na hewa ya juu ni nyepesi, bawa halipati cha kuegemea. Jua likiwaka hewa inakuwa nyepesi zaidi. Nyasi zikiwa na maji zinashika magurudumu. Kwa hiyo mzigo ambao ndege imeuchukua asubuhi yenye baridi huenda ikaukataa saa sita mchana, ndege ile ile, rubani yule yule. Wafanyabiashara walikuwa wakidhani naringa. Mmoja aliwahi kuniambia, "Wewe mama, mizani yako ina saa ndani."

Kupima watu ndiko kulikonipa jina. Tulianza na mizani ya kusimamia tuliyopewa na chama cha msingi cha kahawa walipopata mpya, na watu walipoiona walisema, sasa sisi ni buni? Akina mama walipanda na vitenge viwili na viatu mkononi, kana kwamba viatu vikishikwa havina uzito. Afisa mmoja mnene kutoka Bukoba aliniomba nimpime nyuma ya kibanda. Tangu hapo nilifunika mshale kwa kanga, nachungulia peke yangu, namnong'oneza rubani. Ukitaka mtu akupe ukweli wa mwili wake, mtunzie heshima yake kwanza. Leo kuna mizani ya betri inayoandika tarakimu nyekundu kubwa zinazosomeka mpaka barabarani, na rubani anapiga hesabu zote kwenye kishikwambi. Ni kazi nzuri na ya haraka, nami nashukuru nilikiona kabla ya kustaafu. Ila ile kanga msiitupe.

Sasa Jasson.

Jasson alipigwa pembe ya tumbo na fahali wa baba yake. Ng'ombe wetu wa pembe ndefu mnawajua, akigeuza kichwa kufukuza nzi tu unaweza kuumia, na huyu hakuwa anafukuza nzi. Hospitali walimfunga, wakamwekea damu, na daktari akasema wazi kwamba tumbo linahitaji upasuaji mkubwa wa Mwanza, tena siku ile ile, na kwa gari hatafika. Wakaita ndege.

Nilimpigia rubani kabla hajaondoka Mwanza. Tulimwita Kapteni Elia, mtu mtaratibu asiyeongea sana. Tukakubaliana aje na mafuta kidogo, ya kumfikisha kwetu na kumtoa hadi Bukoba, pamoja na akiba yake. Bukoba uwanja ni wa lami na uko chini kando ya ziwa. Atajaza pale, kisha avuke. Tulijua kusimama kutakula muda wa mgonjwa, lakini bila hivyo asingetoka kwetu na machela, nesi, mtungi wa oksijeni na mtu wa kumuuguza.

Mungu naye ana mambo yake. Asubuhi hiyo ukungu ulikataa kuondoka vilimani, na ndege ilipotua jua lilishakuwa la utosini na nyasi bado zimelowa mvua ya jana yake. Mabaya yote mawili siku moja. Kapteni Elia alitembea kiwanja chote kwa miguu, akarudi viatu vinalia maji, akapiga hesabu akiwa amechuchumaa chini ya bawa. Akaniambia, "Mama Mizani, baada ya mgonjwa uliyempima na machela yake, nesi na oksijeni, nina nafasi ya mtu mmoja. Na awe mwembamba."

Ukoo mzima ulikuwa umekuja. Baba yake Jasson, Mzee Kabunga, alisimama mbele na fimbo yake na koti zito la sufu. Baba mdogo wa Jasson alikuwa ameshavaa suti, tayari kwa safari. Nyuma yao walikuwa mashangazi, na nyuma kabisa Adera, mke wa Jasson, ambaye hakuna aliyemsemesha.

"Nitakwenda mimi," alisema baba mdogo. "Mwanamke atazungumzaje na madaktari wakubwa?"

Nikampandisha kwenye mizani, nikachungulia chini ya kanga, nikamnong'oneza Kapteni. Kapteni akatikisa kichwa.

"Waitu baba mdogo," nikasema kwa heshima ya kwetu, "wewe ni mzigo wa heri, lakini ni mzigo."

Watu wakacheka, hata pale, hata siku ile. Nilipogeuka nikamkuta Adera ameshavua ndala bila kuambiwa, anasubiri zamu yake. Alipopanda, mshale ulisogea kidogo tu. Mzee Kabunga alimtazama, akasema, "Aende Adera." Kwa mzee wa namna ile kusema hivyo mbele ya ukoo haikuwa kazi ndogo, nami nilimheshimu kuanzia hapo.

Tukamwingiza Jasson. Alikuwa na fahamu, midomo imekauka, anapumua kama mtu anayehesabu. Tukafunga machela, tukafunga mtungi. Mashangazi wakaniomba wasali kidogo kando ya ndege, upande wa mkia. Ningewakatalia kwa lipi? Walisali kweli, tena kwa machozi. Shangazi mkubwa ndiye aliyeongoza, na mimi nikainamisha kichwa pamoja na wote.

Sasa sikilizeni. Mguu wa gurudumu la mbele la ndege ile una chuma kinachong'aa, kinachoingia na kutoka kulingana na uzito unaolaliwa. Mzee Byarugaba alinizoesha kukipima kwa vidole mzigo unapomalizika, halafu tena kabla injini haijawashwa. Mara ya kwanza vilikuwa vidole vitatu. Baada ya amina nikaweka mkono, na kiganja changu chote kikaingia. Pua ya ndege ilikuwa inaenda juu. Kapteni Elia, ambaye alikuwa anamalizia kuizunguka ndege, alisimama hapo hapo. Naye alikuwa amekiona.

"Umeongeza nini nyuma?"

"Sijaongeza kitu."

Tukafungua mlango wa nyuma. Chini ya blanketi la hospitali, huko mwisho kabisa mkiani, kulikuwa na mkungu wa ndizi wa kuweza kulisha harusi. Kando yake ndoo ya samli, maharage, viazi vitamu, na kuku aliyefungwa miguu, kimya kabisa, kana kwamba naye alishirikishwa kwenye mpango. Haba na haba, kibaba kilikuwa kimejaa wakati tumefumba macho.

"Mawe!" alisema shangazi mkubwa, yaani mama yangu wee, kama aliyeshangaa kuliko wote. Kisha akaona haitamsaidia. "Sasa tufanye nini, mama? Mwanza watampa ugali! Mtu wa tumbo, apewe ugali! Na hao madaktari tuwaendee hivi hivi? Mkono mtupu haulambwi."

Nikaanza kuvuta mkungu. Fimbo ya Mzee Kabunga ikasimama mbele yangu.

"Acha," alisema. "Mnamtoa mwanangu kwetu kama mtu asiye na kwao. Hata maskini humfungia mtoto wake kitu. Mimi nina ng'ombe, nina shamba, halafu aende hivi? Akifia huko, watasema alitoka kwa nani?"

Wanangu, mimi ni mtu wa huku huku. Nilijua anachosema. Kwetu mgeni haondoki mikono mitupu, na mwana haendi kwa watu bila kufungiwa. Kumwambia mzee yule juu ya kilo na hesabu ingekuwa kumtukana. Lakini pumzi za Jasson nilikuwa nazisikia kutoka pale niliposimama.

"Tata," nikamwambia, kama tunavyowaita baba zetu, "umewahi kupandisha mlima na mikungu kwenye baiskeli, umeifunga mbali kule nyuma ya keria?"

Akanitazama kama mwenye wazimu. "Nani hajawahi?"

"Gurudumu la mbele lilifanyaje?"

Baba mdogo ndiye aliyejibu kwa sauti ndogo, "Huinuka."

"Nawe ukafanyaje?"

"Nilianguka," alisema Mzee Kabunga.

"Hii nayo itainuka hivyo hivyo, tata, ikiwa imeshaacha ardhi. Na yeye ndiye aliye ndani."

Kutoka kwenye machela tukasikia sauti ya Jasson, nyembamba kama ya mtoto. "Tata, inatosha. Niache niende."

Mzee aliegemeza fimbo kwenye bawa. Akaushusha ule mkungu yeye mwenyewe, hakutaka asaidiwe, kisha ndoo, kisha maharage, mpaka kuku. Alipomaliza akasimama mbele ya mlango, mikono inaning'inia, hajui aiweke wapi. Nimeona watu wengi wakiagana pale kiwanjani, lakini mikono ile mitupu iliniumiza kuliko kilio.

Ndipo nikakumbuka lile koti. "Tata, huna akamwani?"

Mnaijua akamwani, ile kahawa yetu ya kutafuna, iliyochemshwa na majani yake yenye harufu, ikakaushwa, ambayo mgeni hupewa akifika na akiondoka. Mzee gani wa huku hana mfukoni? Akaingiza mkono, akatoa kifurushi kidogo cha jani la mgomba. Uso wake ulibadilika. Akamimina nusu kwenye kiganja cha Adera na kumfunga vidole juu yake. Nusu nyingine akampa Kapteni Elia kwa mikono miwili. Kapteni alitupia moja mdomoni, nyingine akaziweka mfuko wa shati, juu ya moyo.

"Hii ndege inaibeba, mzee," alisema. Nilimshukuru sana kwa neno lile, na namshukuru mpaka leo.

Nikapima tena kwa vidole. Vitatu. Tukafunga.

Ndege ilikimbia, ikakimbia, maji yanaruka, na ile mikaratusi ya mwisho wa kiwanja ikawa inakuja karibu. Mashangazi safari hii walisali macho wazi. Magurudumu yaliacha nyasi pale ambapo kwa kawaida huwa naiona ndege tayari iko juu ya miti. Ilipita juu ya mikaratusi kwa nafasi ambayo sikupenda kuiangalia, ikainama kuelekea Bukoba, ikawa nukta. Wiki iliyofuata Kapteni Elia aliomba ile miti ikatwe, na hakusema zaidi ya hapo.

Niliwaambia wachukue vitu vyao. Shangazi mkubwa akaniangalia kama niliyekosa adabu. Kitu kikishafungwa kwa ajili ya mtu hakirudi nyumbani. Basi wakakusanya mafiga pale pale kando ya kibanda changu, wakamenya mkungu wote, wakapika na maharage na samli, na hakuna aliyekubali kuondoka mpaka habari ije. Tulikula sote, dereva wa hospitali, mlinzi, hata yule aliyekuja kufukuza ng'ombe kiwanjani. Tulikula mzigo ule ule uliokuwa mkiani. Sijawahi kula ndizi tamu namna ile, wala kwa hofu namna ile. Kila simu ikilia vinywa vyote vilisimama. Jua likielekea kuzama simu ya baba mdogo ikaita. Alikuwa Adera. Wamefika, ameingizwa chumba cha upasuaji, na madaktari wamezungumza naye yeye, na amewaelewa. Mzee Kabunga alikaa chini kwenye nyasi na koti lake, akalia bila kujificha. Mimi nilikuwa nimeshatangulia.

Kuku sikumla. Wajukuu zake ndio hawa wanaonipandia mezani nikiandika.

Jasson alirudi kwa basi. Kabla ya kwenda kwao Kyerwa, baba yake alimleta kiwanjani. "Ulimpima akitoka," aliniambia. "Nipimie akirudi." Nikampandisha. Nilipochungulia chini ya kanga nikaona amepungua sana, nikasita kusema, lakini Mzee Kabunga alishaivuta kanga. Akautazama mshale, akamtazama mwanawe, na shangazi mkubwa akasema kwa sauti ya kutoa amri, "Mtuachie sisi."

Namshukuru Mzee Byarugaba, Mungu ampumzishe, kwa vile vidole vitatu. Nawashukuru wafanyabiashara walionitukana jua la mchana wakarudi kununua safari asubuhi. Nawashukuru watu wa kwetu, ambao hawajui kumwacha mtu aende mikono mitupu, na ambao siku ile walikubali. Ninyi mtakaofanya kazi hii, au yoyote ya kuwaambia watu kile kisichoweza kubebwa, msiwaone wajinga. Waulizeni wana nini mfukoni.

Nilipostaafu, kiwanjani walinipa ile mizani ya zamani ya kahawa, kwa kuwa haikuwa na kazi tena. Iko hapa barazani. Juzi nilisikia pikipiki inakwama kwenye kilima changu, nikatoka, nikamkuta Jasson na Adera, na nyuma yao mkungu umefungwa vibaya, mbali kabisa kule nyuma, kama mtu asiyejifunza kitu maishani. Nikamwamuru Jasson apande kwenye mizani kabla hata ya kumkaribisha. Alipanda anacheka, tumbo mbele, kovu lake ndani ya shati. Mshale ukaenda, ukaenda, ukagonga mwisho wake na kutikisika pale.

"Ningekuacha chini," nikamwambia.

Nami, niliyeishi kwa kupunguza kilo za watu, nikashika mlingoti wa ile mizani na kumshukuru Mungu kwa kila moja iliyoongezeka.